Luambo Makiadi na mlango wa baa

Maisha ya Franco Luambo Makiadi yameandikwa mara nyingi, na karibu kila mwandishi huanza na vidole vyake juu ya nyuzi za gitaa. Mimi si mpiga gitaa. Ninasoma isimu, na kinachonivuta kwake ni mambo mawili: maneno aliyoyatumia na mlango aliousimamia. Nasema mlango kwa maana ya mbao na bawaba, ule mlango wa baa ambapo mtu anatoa feza kabla hajaingia kucheza dansi. Nani anaikusanya ile feza? Nani anaihesabu saa nane ya usiku, wacheza dansi wakiwa wameenda? Nikilifuata swali hilo dogo kutoka Sona-Bata mwaka 1938 hadi Namur mwaka 1989, naona maisha yake yote yanajipanga nyuma yake.

Kwetu Lubumbashi tunamjua kwa redio, kwa harusi na kwa wazee wetu. Wengi wetu, watoto wa Kiswahili, tulianza kusikia Kilingala katika nyimbo kabla ya kukisikia kwa mwanajeshi au mfanyabiashara. Mtu aliyeifundisha nusu ya nchi lugha isiyo ya nyumbani kwao anastahili kuzungumzwa katika kitivo cha lugha, hata kama yeye mwenyewe hakukaa sana darasani.

Mikate ya Wenze ya Bayaka

François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, katika Kongo ya Chini. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa Mtetela, mfanyakazi wa reli. Mama yake, Mbongo Makiese, alikuwa Mkongo. Familia ilihamia Léopoldville, mji ambao tayari ulikuwa ukisema Kilingala. Mtoto akakua na Kikongo cha mama, Kilingala cha barabarani na Kifaransa cha serikali. Baba alifariki Luambo akiwa bado mdogo, na masomo yakaishia hapo.

Mama alibaki na watoto na biashara ndogo. Aliuza mikate, yaani maandazi, katika soko la Wenze ya Bayaka, mtaa wa Ngiri-Ngiri. Mwanawe alijitengenezea gitaa la kopo na nyaya, akawa anakaa karibu na meza ya mama na kupiga. Watu walisimama kusikiliza, na aliyesimama alinunua.

Naomba tuitazame meza ile kwa makini, kwa sababu ndani yake kuna mpango mzima wa biashara ya muziki aliyokuja kuijua baadaye. Muziki unawavuta watu, lakini feza inaingia kwa kitu kingine. Sokoni kilikuwa andazi. Katika baa kilikuwa bia. Tofauti ni moja tu: sokoni, aliyeshika sanduku la feza alikuwa mama yake.

Jirani mmoja wa mtaani, Paul Ebengo, aliyejulikana kama Dewayon, alikuwa na gitaa la kweli. Ndiye aliyemfundisha kushika sauti na kubadilisha vidole. Kikundi cha Dewayon kiliitwa Watam, na humo Luambo alianza kupiga mbele ya watu akiwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili.

Studio za Wagiriki

Baada ya Vita ya Pili, wafanyabiashara wa kigeni wa Léopoldville waligundua kwamba mtu anayenunua kitambaa au sukari anaweza pia kununua santuri. Studio ya Ngoma ilianzishwa na Mgiriki, Nicolas Jeronimidis, mwaka 1948. Zikafuata Opika ya ndugu Benatar na Loningisa ya Wagiriki Papadimitriou. Mwaka 1953 Luambo, akiwa na miaka 15, aliingia Loningisa. Huko alimkuta Henri Bowane, mpiga gitaa aliyekuwa na jina tayari, na kutoka huko ndiko tulikopata jina Franco.

Studio ilimpa mambo matatu ambayo mtoto wa soko hakuwa nayo: gitaa la kiwandani, mashine ya kurekodi, na watu wa kupiga nao. Ilichukua mambo matatu pia: wimbo, santuri na hesabu. Mwanamuziki alilipwa, kisha santuri ikaenda zake hadi Afrika ya Magharibi na Mashariki bila yeye kujua zimeuzwa ngapi. Haikuwa siri wala uhalifu. Ndivyo kazi ilivyokuwa imepangwa. Mwenye mashine alikuwa mwenye wimbo.

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwanamuziki aliweza kuona kwa macho yake idadi ya watu wanaomtaka: baa. Santuri inauzwa mbali, lakini mcheza dansi yuko mbele yako. Unaweza kumhesabu.

Herufi mbili

Katika mitaa ya Waafrika ya Léopoldville baa zilikuwa nyingi, na kila moja ilitafuta muziki wake. Ilikuwa miaka ya utawala wa Wabelgiji, na Mwafrika hakuruhusiwa kutembea ovyo usiku katika mji wa Wazungu. Furaha yote ya mji ilibaki kwenye cité, na mwenye baa aliyepata bendi nzuri alijaza viti hadi ukutani.

Mmoja wa wenye baa hao alikuwa Oscar Kashama, aliyejulikana pia kama Oscar Kassien. Baa yake iliitwa O.K. Bar. Wanamuziki kadhaa wa Loningisa, ambao mchana walirekodi kwa Mgiriki, walianza kupiga kwake. Walikuwamo Jean Serge Essous na klarineti yake, mwimbaji Philippe Lando aliyeitwa Rossignol, Daniel Lubelo aliyeitwa De La Lune, Augustin Moniania aliyeitwa Roitelet, Saturnin Pandi kwenye ngoma, na Franco, mdogo wao. Tarehe 6 Juni 1956 bendi ilijitokeza rasmi kwa jina la O.K. Jazz. Franco alibakiza mwezi mmoja kufikisha miaka 18. Muda si mrefu Vicky Longomba akaongezeka kwenye sauti.

Sasa tulisome jina hilo kama wanafunzi wa lugha. O.K. ni herufi za baa, nazo zilitokana na jina la mwenyewe. Kwa hiyo bendi ilibeba mgongoni jina la mtu ambaye hakupiga hata noti moja. Kila aliyetamka jina la bendi alikuwa anaitangaza baa bila kulipwa. Hata wimbo wa utambulisho, On entre O.K., on sort K.O., unafanya kazi ya kibao cha mlangoni: unamwambia msikilizaji aingie wapi na atatoka katika hali gani.

Baadaye, baa ilipobaki nyuma na bendi ikaendelea mbele, herufi zilezile zilipewa maana mpya: Orchestre Kinois, okestra ya watu wa Kinshasa. Herufi hazikubadilika, mwenye herufi ndiye aliyebadilika. Katika semantiki tunafundishwa kwamba kifupisho kinaweza kusahau kilikotoka. Hapa naona zaidi ya kusahau: wanamuziki waliinunua alama bila kulipa chochote, kwa kuitafsiri upya. Baadaye tena zikaongezwa T.P., Tout Puissant. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa T.P. ni nini, anaziona kila Jumapili kwenye jezi nyeusi na nyeupe.

Kubaki peke yake

Bendi ndogo yenye nyimbo zake ina ugonjwa mmoja: ikifanikiwa, inavunjika. Studio mpya ya Esengo ilipofunguliwa mwaka 1957, Essous na Rossignol waliondoka kwenda huko na kuanzisha Rock-a-Mambo. Mwaka 1959 wengine, pamoja na Essous na Pandi, walikuwa Brazzaville wakianzisha Bantous de la Capitale. Franco mwenyewe mwaka 1958 alifungwa kwa muda mfupi kwa makosa ya barabarani, na wapenzi wake wakamsubiri mlangoni kama shujaa.

Mbele yake alikuwapo Joseph Kabasele, Grand Kallé, na bendi yake African Jazz. Kabasele alikuwa amesoma, aliimba kwa sauti laini, na wakubwa wa mji walimpenda. Ndiye aliyealikwa Brussels mwaka 1960 wakati wa mkutano wa uhuru, akiwachukua Vicky Longomba na mpiga gitaa Brazzos kutoka O.K. Jazz. Katika safari hiyo Kabasele alifanya jambo ambalo kwangu lina uzito kama wimbo wake maarufu wa uhuru: alianzisha chapa yake mwenyewe ya santuri, Surboum African Jazz. Kwa mara ya kwanza mwanamuziki wetu mkubwa alikuwa pia mwenye santuri. Mwaka uliofuata O.K. Jazz nayo ilikwenda Brussels kurekodi kwa chapa hiyo.

Franco aliona, akajifunza. Kurudi nyumbani, yeye na Vicky walianzisha chapa yao, Epanza Makita, na baadaye zikafuata nyingine, pamoja na Éditions Populaires. Studio za Wagiriki zilikuwa zinafifia. Vicky alipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, Franco alibaki kiongozi pekee wa bendi ambayo ilipewa jina kwa ajili ya mtu mwingine.

Maneno yanayorushwa

Kwa nini watu waliendelea kulipa kuingia? Bendi nyingine zilikuwa na sauti tamu zaidi. Wengine walipiga gitaa kwa kasi zaidi. Jibu langu ni la mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, na mpiga gitaa akinipinga sitashangaa: walikuja kusikia nani amesemwa.

Kilingala kina neno mbwakela. Ukilitazama kwa jicho la sarufi utaona mzizi wa kobwaka, kutupa, na kile kiambishi cha kutendea -el- ambacho ni ndugu wa kiambishi chetu katika tupa na tupia. Mbwakela ni neno linalotupwa kumwelekea mtu bila kumtaja. Kiswahili kinayajua mambo hayo: mafumbo, vijembe, na mipasho ya taarabu ya pwani. Anayesemwa anajijua. Asiyesemwa anacheka, kisha usiku akiwa kitandani anajiuliza kama kweli hakuwa yeye.

Tazama inavyofanya kazi katika baa. Ukumbi una meza hamsini. Wimbo unamzungumzia mume anayesahau njia ya nyumbani. Kila meza inatazama meza ya jirani. Wiki inayofuata wanarudi wote, mmoja kuhakikisha, mwingine kujitetea, wa tatu kumwonyesha rafiki. Fumbo lisilo na jina linauza tiketi kwa kila mtu aliyemo ukumbini.

Sikuhizi wanamuziki wetu wana mtindo wa kobwaka libanga, kurusha jiwe: tajiri analipa, jina lake linatajwa katikati ya wimbo. Kitenzi ni kilekile, kobwaka. Lakini hesabu imepinduliwa. Katika libanga jina linatajwa na mtu mmoja analipa. Katika mbwakela jina linafichwa na mji mzima unalipa. Sijui kama uchumi wa muziki umewahi kuelezwa vizuri zaidi kuliko na vitenzi viwili hivi vyenye mzizi mmoja.

Jambo la pili ni nafsi. Franco alitunga nyimbo nyingi ambamo mwanamke ndiye anayesema: mke aliyeachwa, mke mwenza, mama aliyechoka. Kilingala, kama Kiswahili, hakitenganishi mume na mke katika viambishi vya kitenzi. Anayesema na- anaweza kuwa yeyote; anayetajwa kwa a- vilevile. Kifaransa kingemlazimisha kuchagua kila baada ya maneno machache. Lugha yake ilimruhusu kusimama na shati la kiume na kulia kilio cha mwanamke bila kugeuza herufi moja. Wanawake walikuwa nusu ya ukumbi, na vyama vyao, waliovaa kitambaa kimoja na kuketi pamoja, vilijua kuijaza baa. Mwimbaji aliyewapa nafsi ya kwanza alikuwa amewapa kiti.

Mario, wa mwaka 1985, ni mfano unaotugusa sisi wasomi. Ni hadithi ya kijana aliyesoma ambaye badala ya kutafuta kazi anaishi kwa mama mwenye feza. Wimbo una urefu wa zaidi ya dakika kumi, maana santuri kubwa ilikuwa imempa nafasi ambayo santuri ndogo ya zamani haikuwa nayo. Jina la mhusika likawa nomino ya kawaida. Mitaani Tanzania wanasema marioo kwa maana hiyohiyo: mwanamume anayelishwa na mwanamke. Jina limevuka ziwa, limeingia katika lugha nyingine, limerefusha irabu ya mwisho, na linatumiwa na watu ambao hawajui alianza nani. Wanafunzi wenzangu wanaotafuta mada ya tasnifu katika leksikolojia, hii hapa, bure.

Mlango wake mwenyewe

Katikati ya miaka ya 1970 Franco alifika mahali ambapo meza ya mama yake ilikuwa ikimwelekeza. Alijenga klabu yake Kinshasa, Un-Deux-Trois. Sasa jengo lilikuwa lake, bendi yake, santuri yake, kiingilio chake na bia yake. Aliyekuwa amebeba jina la baa ya mtu alikuwa na baa inayomngoja yeye.

Alifika juu zaidi. Aliongoza chama cha wanamuziki wa Zaire. Mwaka 1976 serikali ilimvika nishani ya Chui. Alikabidhiwa pia uongozi wa Mazadis, kiwanda cha santuri. Bendi ilikua hadi wanamuziki wapatao 30 au zaidi, na kuna wakati sehemu moja ilipiga Kinshasa na nyingine Ulaya. Bendi ndogo ya O.K. Bar ilikuwa imekuwa kampuni.

Lakini juu ya mlango wa baa kuna mlango mwingine, wa serikali, na huo hakuwahi kuushika. Tarehe 2 Juni 1966 wanasiasa wanne walinyongwa hadharani Kinshasa, mmoja wao Évariste Kimba, mtoto wa Katanga. Franco alitoa wimbo wa Kikongo, Luvumbu Ndoki, juu ya mchawi anayewamaliza watu wake mwenyewe. Hakumtaja mtu. Watu walielewa, na serikali pia ikaelewa. Santuri zikakamatwa, naye akavuka mto kukaa Brazzaville kwa muda. Ona tena uchaguzi wa lugha: kwa jambo la hatari alirudi kwenye Kikongo cha mama, kana kwamba lugha yenyewe ingekuwa fumbo la pili. Ilipofika mwaka 1970 na mdogo wake, Bavon Marie-Marie, mwanamuziki pia, akafa katika ajali ya gari, alimlilia kwa Kikongo vilevile, katika Kinsiona.

Mwaka 1978 alifungwa kwa nyimbo mbili, Hélène na Jackie, zilizohukumiwa kuwa chafu. Mwaka 1984 alimwimbia Mobutu wimbo wa kampeni, katika uchaguzi uliokuwa na mgombea mmoja. Wapo wanaomlaumu kwa hilo hadi leo, na sioni sababu ya kuwanyamazisha. Mtu aliyemiliki jengo, kiwanda na nishani alikuwa na mengi ya kupoteza. Mpiga gitaa wa kopo hakuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Kuna lawama nyingine ambayo naiona nzito zaidi kwa mada yetu. Wanamuziki wengi walipita katika bendi yake na kutoka wakidai malipo au nafasi ya kurekodi nyimbo zao. Verckys Kiamuangana, mpiga saksafoni, alitoka mwishoni mwa miaka ya 1960, akaanzisha okestra yake Vévé, chapa yake, na baadaye jengo lake. Mose Fan Fan alitoka pia, akafika hadi Dar es Salaam na kupiga na Orchestra Makassy. Kijana wa Loningisa alikuwa sasa ndiye anayeshika hesabu, na vijana waliokuwa mbele yake waliuliza maswali yaleyale aliyokuwa nayo yeye kwa Mgiriki.

Njia ya watu wa Kamina

Tusidhani kwamba njia ilikuwa moja tu. Kutoka Kamina, hapa hapa Katanga, ilitoka bendi iliyohamia Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na kujulikana kama Maquis. Waliimba kwa Kiswahili, wakajenga wapenzi wao katika kumbi za mji ule, na wakaunda kampuni iliyoitwa OMACO, ikiwa na jina la okestra ndani yake. Mlango ukawa wa kundi badala ya mtu mmoja. Wazo hilo, kwamba bendi iwe chama na kila mpigaji awe na sehemu yake, lilitoka kwa watu wanaosema lugha yetu, na ningependa lijulikane katika kitivo hiki kama linavyojulikana jina la Franco.

Nalisema hili kwa sababu ninaishi nyumba moja na wanamuziki wanne. Wana nyimbo zao kumi na moja, nyingi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, zenye vichekesho vya basi na vya kodi ya nyumba. Wenye baa huwaambia wapige nyimbo za watu wengine, kwa kuwa mlevi anataka wimbo anaoujua. Mwaka jana walipata baa moja iliyokubali: bia iwe ya mwenye baa, kiingilio kiwe cha bendi. Walichapa tiketi 80 kwenye duka la fotokopi, wakaziuza wenyewe kwa siku tisa, kwenye korido za chuo na kituo cha basi. Zilipokwisha zote, mwenye baa akaona umati, akamweka mpwa wake mlangoni kuwatoza tena waliokuja bila tiketi, na feza ile bendi haikuiona. Walipouliza, waliambiwa kwamba mkataba ulihusu tiketi, haukuhusu mlango.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma maisha ya Luambo kwa namna hii. Mwenye baa yule, kama mwanasheria, alikuwa ametenganisha maneno mawili tuliyodhani ni kitu kimoja. Tiketi ni karatasi. Mlango ni mamlaka. Mara ya pili wenzangu waliandika neno mlango katika makubaliano, wakaweka namba kwenye kila tiketi, wakakata kipande na kukihifadhi, na wakamweka dada mmoja wa mwaka wa tatu wa hesabu pale mlangoni, mtu ambaye hata mpwa wa mfalme hapiti bila karatasi. Walipata kidogo, lakini walijua ni kidogo kiasi gani.

Neno lisilofichwa

Mwaka 1987 Franco alirekodi Attention na SIDA. Kwa mtu aliyemfuata tangu mwanzo, wimbo huu unashtua kwa lugha yake. Mbwakela haipo. Sehemu kubwa ni Kifaransa, na mzungumzaji anawageukia watu kwa makundi, wazazi, walimu, vijana, waganga, na kumwambia kila mmoja la kufanya. Bwana wa mafumbo aliacha fumbo. Ugonjwa ulikuwa unaua, na maneno ya kukisia yangechelewa. Aliujua uwezo wa kusema kwa kuficha, na aliujua mpaka wake. Walimu wetu wa pragmatiki watanisamehe, lakini sijaona somo fupi zaidi juu ya uhusiano wa lugha na hali.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 katika hospitali ya Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Mwili ulirudishwa Kinshasa, nchi ikatangaziwa siku nne za maombolezo, redio ikapiga nyimbo zake mchana na usiku.

Bendi iliendelea bila yeye chini ya Simaro Lutumba, ambaye alikuwa humo tangu 1961. Kisha likaja swali lile la zamani. Familia ya marehemu na wanamuziki hawakuelewana juu ya mapato, na mwanzoni mwa 1994 wanamuziki waliondoka, wakaliacha jina la T.P. O.K. Jazz kwa warithi. Walijiita Bana O.K., watoto wa O.K.

Walikuwa wametoa miaka thelathini ya sauti zao, na walipotoka walibeba herufi mbili tu, zilezile za mlango wa Oscar Kashama.